Mvua ya masika ilipoingia ndani: jinsi tulivyoikausha nyumba yetu Arusha

Nyumba ikiingia maji, siku ya kwanza huwa na watu wengi. Majirani wanakuja na ndoo na machepe, ndugu wanapiga simu, vijana wa mtaani wanabeba makochi kuyatoa nje bila hata kuombwa. Kazi ngumu huanza wakishaondoka. Tope limetoka, sakafu imeoshwa, jua limewaka, na kila anayepita anakuuliza utapaka rangi lini. Hicho ndicho kipindi ninachotaka kukielezea zaidi, maana mtaani kwetu nimeona nyumba zilizohimili mafuriko vizuri kabisa, kisha zikaharibika mikononi mwa wenyewe kwa haraka ya kuzirudishia sura.

Tunaishi Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha. Anayeujua mji huu anajua ulivyokaa: Mlima Meru uko juu yetu upande wa kaskazini, kilele chake kinapita mita 4,500, na mjini ni kama mita 1,400 tu. Kati ya hapo na pale ni mteremko mtupu. Mvua ikinyesha mitaa ya juu kama Ilboru au Sekei, maji hayakai huko. Yanatafuta makorongo na mito kama Themi na Naura, na yanayokosa korongo yanafuata barabara. Ndiyo maana huku chini mtu anaweza kuamka akakuta maji mlangoni wakati mvua ya mtaani kwake ilikuwa ya kawaida. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hutushtua mara mojamoja. Za masika, Machi mpaka Mei, ndizo tunazoziogopa, kwa sababu ardhi ikishashiba haipokei tena. Kila kinachoshuka kinatembea juu kwa juu.

Usiku maji yalipotuingilia, upepo ulitangulia. Bati la kona ya nyuma lilianza kupigapiga, halafu likafunuka, na maji yakaanza kudondoka chumba cha watoto kupitia dari. Tukiwa bado tunahangaika na ndoo huko, maji mengine yakaingia kwa mlango wa uani, mazito, yamebeba majani, takataka na harufu ya choo. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunasema maji ya juu na maji ya chini, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua mambo mengi baadaye. Maji ya juu ni mvua iliyopita kwenye bati. Yanaharibu, lakini ni masafi kiasi. Maji ya chini yamepita kwenye mashimo ya vyoo, kwenye mabanda ya mifugo, kwenye jalala, kwenye mafuta ya gereji. Kitambaa kilicholowa maji ya juu kinaanikwa. Kilicholowa maji ya chini ni habari nyingine.

Mume wangu alizima meni swichi mapema, kabla maji hayajafika kwenye soketi. Kwetu iko juu, karibu na mlango wa mbele, na alipoizima alikuwa amesimama pakavu. Hilo la kusimama pakavu ndilo ninalolisisitiza kwa kila mtu. Kama kufika kwenye meni swichi kunakubidi ukanyage maji, usiende. Toka nje, watoe watoto, piga simu TANESCO wakate kwenye nguzo. Watu hukumbuka soketi za ukutani wakasahau ile waya ya kuongezea umeme iliyolala chini ya kochi, imechomekwa na inawaka, na maji yakifika hapo chumba kizima ni hatari hata kama taa za juu zinaonekana ziko salama.

Jirani yetu mmoja alitaka kutoka na gari kulipeleka sehemu ya juu. Maji ya barabarani hayakuonekana marefu, yalifika kwenye vigimbi vya miguu, lakini yalikuwa yanakimbia. Mzee wa nyumba ya pili akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, gari hununuliwa. Kaa hapa." Nashukuru alisikia. Maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 gari dogo linaanza kuelea, na kwenye 60 magari mengi yanabebwa. Sisi wa Arusha hatuhitaji kuelezwa sana: Aprili 2024 gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na maji hapa hapa jijini na watoto wakapoteza maisha. Siwezi kupita kwenye korongo lolote wakati wa mvua bila kuwakumbuka wale watoto na wazazi wao.

Chumba cha watoto dari lilikuwa limefanya tumbo. Dari la jipsamu likilowa hunywa maji mpaka likashindwa kuyabeba, likaanguka lote kwa pamoja na uzito wake. Mume wangu alichukua mti mrefu wa ufagio, akasimama pembeni, akatoboa tundu dogo mwishoni mwa ile sehemu iliyovimba, maji yakashuka kwenye beseni taratibu. Bodi ile haikurudi kuwa nzuri, jipsamu iliyopinda hairudi, ila haikumwangukia mtu na haikuvuta bodi za jirani yake.

Asubuhi, kabla ya kugusa chochote, tulipiga picha. Kila chumba, kila kona, na alama ambayo maji yalikuwa yameiacha ukutani. Juu ya alama hiyo nikachora mstari wa chaki na tarehe. Wakati ule ilionekana kama kupoteza muda, lakini mstari ule ulitumika na fundi, ukatumika ofisi ya serikali ya mtaa, na mwenye bima angeuhitaji pia. Kuhusu bima, niseme hili kwa haraka: ukiwa na bima ya nyumba, soma imeandikwa nini, kwa sababu mara nyingi bima ya moto peke yake haigusi mafuriko mpaka kipengele hicho kiwe kimeongezwa.

Halafu tope. Tope la kutoka mlimani ni laini mno, linaingia kwenye kila ufa, na likikauka linashika kama limesilibwa. Lazima litoke likiwa bichi. Tulianza chumba cha ndani kabisa tukirudi nyuma kuelekea mlangoni, chepe kwanza, kisha fagio la chelewa na maji safi, kisha skwiza, kisha maji safi tena mpaka yakatoka hayana rangi. Wote tulivaa gambuti na glavu, watoto wakapelekwa kwa shangazi yao, eneo la Sakina. Unapoinua kitu kilicholala kwenye tope, kiinue kwa fimbo kwanza, maana nyoka nao hukimbia mafuriko na hujificha popote palipo na giza.

Baada ya kuosha ndipo inakuja dawa. Wengi hufanya kinyume: wanamwaga klorini juu ya tope wakidhani wameua vijidudu. Klorini ikikutana na uchafu inaishia hapo hapo kwenye uchafu. Haifiki kwenye sakafu. Osha kwa sabuni mpaka pawe safi, ndipo upitishe dawa ya klorini, ile wengi wetu tunaita jiki, ukiwa umefungua milango na madirisha. Na usiichanganye na dawa ya kusafishia choo yenye tindikali wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu. Mdogo wangu ni muuguzi, na hilo alilirudia mbele yetu mpaka likatuingia.

Maji ya kunywa tulichemsha hata yale ya bomba, kwa sababu mabomba yaliyopita kwenye makorongo huwa yanapasuka na uchafu kuingia. Yakishatokota vizuri kwa dakika moja inatosha kuua vimelea vya kipindupindu na magonjwa ya kuhara. Niongeze kwa wenyeji wenzangu: floraidi ya maji yetu, madini yanayoharibu meno yakizidi, haiondoki kwa kuchemsha, kwa hiyo anayetumia maji maalumu kwa ajili ya meno ya watoto aendelee nayo.

Sehemu iliyouma ilikuwa kuamua nini kitupwe. Magodoro ya sponji yaliyoguswa na maji ya chini yalitoka yote, pamoja na mito na matakia ya makochi. Sponji huvuta maji hayo mpaka ndani na hakuna jua la Arusha litakaloyafikia. Mbao za makochi tuliziosha, tukaziacha zikauke kivulini, baadaye zikawekewa sponji mpya. Nguo, vitenge na mashuka vilifuliwa kwa maji ya moto na sabuni, vikapona. Tulikuwa na magunia ya mahindi stoo, ya chini yakalowa. Ndugu walishauri tuyaanike, au basi tuwape kuku. Mama mkwe wangu alikataa. Mahindi yaliyolowa yakaota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kuanika, kusaga wala kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, jirani zetu kabisa. Kuku nao wakila, si salama kwao. Yalifukiwa.

Huyo huyo mama mkwe ndiye aliyeokoa karatasi zetu, na ninataka kueleza alivyofanya kwa sababu nimeona watu wengi wakizipoteza kwa kuziharakisha. Vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, hati ya kiwanja na albamu ya harusi vilikuwa kwenye droo ya chini ya kabati. Hakuvianika juani wala hakuvipigia pasi. Alijaza maji safi kwenye sinia pana, akazamisha karatasi moja moja, akaitikisa taratibu mpaka tope likaachia, kisha akaibeba kwa kuilaza juu ya kipande cha nailoni ili isichanike kwa uzito wake. Chini alikuwa ametandika khanga barazani, pasipofika jua. Zile zilizoshikana hakuzibandua kwa kucha. Alizirudisha kwenye maji zikaachana zenyewe. Daftari la benki aliliwekea vipande vya karatasi ya chooni kati ya kurasa, akawa anavibadilisha kila vikilowa. Picha za harusi alizilaza picha ikiwa juu, zisigusane, na hakuna aliyeruhusiwa kuzifuta kwa kitambaa, maana rangi ya picha ikiwa mbichi inatoka na kitambaa. Cheti kimoja kina doa, lakini kila herufi inasomeka. Mwenye karatasi nyingi kuliko anavyoweza kuhudumia kwa siku moja anaweza kuzifunga kwenye mfuko wa nailoni akaziweka kwenye friza ya jirani. Baridi huzuia ukungu mpaka apate nafasi ya kuzikausha chache chache.

Sasa ukuta.

Fundi wetu ni mzee aliyejenga maeneo ya huku tangu yakiwa mashamba. Alikuja siku ambayo sakafu ilikuwa imekauka na kuta kwa macho zilikuwa nzuri. Nilimsalimia shikamoo, nikamwambia tunataka kupiga plasta palipomeguka na kupaka rangi kabla ya wageni wa ubatizo. Hakubisha. Aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza. Chini ya mstari wangu wa chaki mlio ulikuwa mzito, mahali pengine plasta ilikuwa imeachia tofali na ilitoa sauti tupu. Kilichonishangaza ni kwamba juu ya mstari, karibu urefu wa mkono, mlio bado ulikuwa ule ule mzito. Maji hupanda ndani ya tofali na plasta kuliko yalipofika kwa nje.

Kisha akakata kipande cha nailoni nzito inayoonyesha, kama nusu mita kila upande, akakibandika ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, akapitisha kidole kingo zote kuhakikisha hakuna upenyo. Kingine akakibandika sakafuni. "Mama, hapa pasiguswe mpaka kesho," akasema. Kesho yake upande wa ndani wa nailoni ulikuwa umejaa matone madogo madogo, na ukuta chini yake umeiva rangi, mweusi kuliko sehemu zilizouzunguka. Akaliweka tone kidoleni akanionyesha. "Haya yametoka ukutani, hayakutoka hewani. Ukipaka rangi leo, rangi ndiyo inakuwa nailoni."

Ile sentensi ilinielewesha jambo zima. Ukuta unakauka kwa kutoa maji nje kupitia uso wake. Ukiuziba kwa plasta ya sementi na rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani, yanasukuma, na baada ya muda rangi inatoa malengelenge na plasta inabanduka vipande. Kuna nyumba barabara ya chini iliyopakwa rangi wiki ile ile ya mafuriko, ikapendeza sana, na kabla ya vuli ilikuwa imechunika kuanzia chini mpaka usawa wa madirisha. Wenyewe walilipa fundi mara mbili, na safari ya pili ilibidi kwanza kubandua kazi ya safari ya kwanza.

Kwa hiyo tulisubiri. Plasta iliyotoa sauti tupu fundi aliibandua, tofali likabaki wazi lipumue. Makabati na vitanda tulivivuta mbali na kuta. Asubuhi ukungu wa mlimani ukishaondoka tulifungua madirisha ya pande zote mbili upepo upite katikati, na jioni kabla ya baridi kushuka tukafunga, kwa sababu hewa ya usiku wakati wa masika ni nyevu na inarudisha unyevu ndani. Umeme ulipokuwa salama tukaazima feni, ikaelekezwa ukutani, siku hadi siku. Ile nailoni tuliibandika upya kila baada ya muda. Chumba cha mbele kiliwahi. Ukuta wa uani ulitufikisha Julai, na kila aliyekuja alituuliza tunangoja nini. Ubatizo tuliufanya na kuta zetu wazi, wageni wakala pilau, mtoto akabatizwa.

Kitu kimoja hatukuruhusu ni jiko la mkaa ndani kwa ajili ya kukausha. Najua linafanyika, hasa Juni na Julai baridi ya Arusha inapokolea. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala moshi wa kukushtua, na familia inalala isiamke. Na hata kabla ya kuua, jiko halikaushi ukuta mpaka ndani. Linapasha uso tu.

Chumvi nyeupe ilianza kujitokeza kwenye tofali, unga kama wa chaki. Nilitaka kuifuta kwa tambara la maji, fundi akaniambia nitumie brashi kavu. Ukiilowesha inayeyuka na kurudi ndani ya ukuta, halafu inatoka tena. Kuonekana kwake, alisema, ni dalili kwamba maji yanatoka na kuacha chumvi nyuma, kwa hiyo nisihuzunike nayo. Ukungu mweusi ndio wa kukimbizana nao. Unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 mpaka 48 mahali palipolowa, na hupenda nyuma ya kabati na kwenye kona isiyo na hewa. Tuliusugua kwa maji ya sabuni, tumefunika pua na mdomo, tukapaacha pakauke. Kuupaka rangi juu hakuuondoi. Mwanangu wa pili ana pumu, na chumba chenye ukungu alikuwa anakigundua kwa kifua chake kabla sisi hatujauona, ndiyo maana jambo hili silichukulii kirahisi.

Milango ya mbao ilivimba ikawa haifungi. Seremala alipita akajitolea kuiranda siku hiyo hiyo. Fundi akamwambia asubiri. Mbao iliyolowa ikikauka inasinyaa kurudi, na mlango uliorandwa ukiwa umevimba unakuja kuacha mwanya wa kupitisha kidole. Wa mbele ulirudi wenyewe ukafunga. Ule wa uani tu ndio uliopindana, tukaubadilisha.

Upande wa umeme tulimwita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Alifungua kila soketi ya chini, na nyuma ya mfuniko mmoja palikuwa na tope lililokauka limezishika waya zote tatu. Kwa nje soketi hiyo ilikuwa inang'aa. Friji na televisheni havikuchomekwa "kujaribu tu" mpaka vilipofunguliwa na kukaguliwa. Friji ilipona. Televisheni, ambayo maji yaliyoipata ni yale ya darini, ilipona pia.

Choo kilitutesa kwa sababu shimo lilijaa na maji yakawa yanarudi. Hamu ya kila mtu ni kuita gari la majitaka linyonye siku ya pili. Aliyetuchimbia shimo alituzuia: ardhi ikiwa imeshiba maji pande zote, shimo likinyonywa likawa tupu, kuta zake zinasukumwa kutoka nje na zinaweza kubomoka. Tulitumia choo cha jirani wa juu mpaka maji ya ardhini yakashuka, ndipo gari likaja.

Paa nilidhani ni misumari kulegea. Kumbe fishabodi, ubao wa ukingoni mwa paa, ile kona ilikuwa imeoza, papi ya mwisho, mbao inayopigiliwa bati, nayo imelainika, na msumari hauna cha kushika. Upepo uliingia chini ya bati lililotokeza nje ukalifunua. Ukipigilia tu msumari mpya hapo, unapigilia kwenye mbao iliyooza. Mvua zikiendelea tulifunika kwa turubai lililofungwa kamba kwenye kenchi, bati halikupandwa hata mara moja likiwa limelowa, na jua lilipokaa ndipo papi na fishabodi vikabadilishwa na bati likashikwa kwa misumari yenye mpira.

Yote hayo yangekuwa bure kama maji yangebaki na njia ile ile ya kuingilia. Hapa ndipo hesabu ndogo ilipotufungua macho. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa letu ni kama mita za mraba 100, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inalimwagia lita 5,000, simtanki kubwa zima, na kwa kuwa hatukuwa na gata, lita zote hizo zilikuwa zinaanguka kwenye msingi wetu wenyewe. Sehemu ya unyevu wa ukuta wa uani haikuwa ya mafuriko kabisa. Ilikuwa ya paa letu. Sasa kuna gata, kuna simtanki, na linapojaa bomba la ziada linapeleka maji barabarani kwenye mtaro. Udongo wa kuzunguka nyumba tumeuinua uteremke kutoka ukutani kwenda nje.

Maji ya kutoka juu ndiyo hayawezi kumalizwa na nyumba moja. Barabara yetu iliinuliwa ilipotengenezwa, na nyumba zilizokuwa usawa wake zikawa chini. Karavati lililowekwa ni jembamba, chupa na mifuko vinalifunga kwa mvua moja. Mbele yake, upande wa juu yanakotoka maji, mtu alijenga ukuta kukatiza njia ya zamani ya maji. Nimejifunza kwamba kugombana naye hakumsogezi mtu. Kilichomsogeza ni wazee wa mtaa kwenda kukaa naye, na mwenyekiti wa mtaa akiwepo, akakubali kuacha matundu makubwa chini ya ukuta. Kwa wanaojenga kando ya korongo na mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ukionyeshwa kiwanja cha bei nafuu karibu na maji, nenda nacho hicho kipimo, na nenda mwezi wa Aprili.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ombi la karavati linaanzia serikali ya mtaa, linapita kwa mtendaji wa kata. Tulipoomba kwa maneno tulisikilizwa na tukaondoka. Tulipopeleka picha za vyumbani, pamoja na ile ya mstari wa chaki wenye tarehe kwenye kila nyumba ya safu yetu, alikuja mtu na futi akapima mdomo wa karavati na kina cha mtaro. Jipya halijajengwa bado. Mtaro tumeupanua wenyewe kwa machepe, na kila Februari nyumba zote za safu yetu hutoa mtu mmoja wa kuuzibua, siku hiyo hiyo tukikagua misumari ya bati na mbao za pembeni za mapaa yetu.